BESI INATOROKEA WAPI? Namna ya kuvaa ekutere vizuri



Katika kurasa hizi za sayansi tunataka kueleza jambo moja ambalo wengi wanauliza, kule bwenini na pia kwenye mazoezi ya korali. Mtu ananunua ekutere mpya sokoni, Mambasa ao Bunia. Anazitia masikioni, anafungua wimbo, halafu analalamika: "Hii ekutere haiko na besi hata kidogo! Inalia tu sawa nyuki ndani ya mkebe." Kisha anafanya kile ambacho karibu sisi wote tunafanya: anapandisha sauti mpaka mwisho. Besi haiji, lakini masikio yanaanza kulia ngiii.

Sisi tunasema hivi: mara nyingi ekutere ile haina kosa. Besi ilitoka, lakini ilitoroka njiani kabla ya kufika. Tutaeleza inatorokea wapi, namna ya kuizuia, na sababu gani kupandisha sauti si dawa ya ugonjwa huu.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Hapa tukisema ekutere, tunasema zile ndogo zenye kofia laini ya mpira, zinazoingia ndani ya tundu la sikio. Zile kubwa zinazofunika sikio lote hatutazisema leo. Hata zile za plastiki ngumu zisizo na kofia, zinazokaa tu mlangoni mwa sikio, tutazitaja kidogo tu.

1. BESI NI KITU GANI, NA INATUFAA NINI?

Mwalimu wa fizika ametufundisha kwamba sauti ni mtetemo wa hewa. Mtetemo ukiwa wa haraka, sauti ni nyembamba, kama filimbi. Ukiwa wa polepole, sauti ni nzito, kama ngoma kubwa. Sikio la kijana lenye afya linasikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi karibu 20.000. Chini ya hapo sauti ziko, lakini si zetu. Tembo wa msitu wanaitana kwa sauti za chini ya 20, na okapi mama na mtoto wake vile vile. Wewe unaweza kusimama karibu nao usisikie neno.

Waya mzito kabisa wa gita la besi unatoa mitetemo 41 kwa sekunde. Mwanaume wa besi katika korali anashuka mpaka karibu 80. Soprano naye anaweza kupanda mpaka 880. Basi, tukisema "besi," tunasema sauti za chini, tuseme zile ambazo hazifiki 200.

Wengine watasema: besi ni ya kuchezea tu, ukikosa haidhuru. Hapana. Fikirini juu ya ngoma ya mti, ile lokole iliyochongwa na kutobolewa katikati. Inatoa sauti mbili, ya chini na ya juu. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyefanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, alichunguza sana habari hizo kati ya Walokele, na mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Alieleza kwamba ngoma ile inafuata sauti za chini na za juu za lugha yenyewe. Ondoa sauti ya chini, hakuna habari tena. Inabaki kelele tupu.

Katika wimbo wa sauti nne ni vile vile. Besi ndiyo inashika wengine wasipotee. Siku hizi vijana wengi wa besi wanajifunza sehemu yao kwa telefone: mwalimu wa korali anawapa wimbo, wao wanausikiliza jioni. Kama ekutere haiwafikishii sauti yao, watajifunza nini? Watafuata tenor, na siku ya kuimba mbele ya watu tutasikia makosa.

2. KITU KIDOGO NAMNA HII KINATOAJE BESI?

Swali hili ni la haki. Bafle la besi la kanisani ni kubwa sawa sanduku la nguo. Kisukuma-sauti kilicho ndani ya ekutere mara nyingi kina upana wa milimeta 10 tu, ao hata chini ya hapo. Inawezekanaje?

Jibu ni hili. Bafle linapashwa kutikisa hewa ya nyumba nzima. Wimbi moja la ule waya mzito wa gita lina urefu wa zaidi ya meta 8. Si kazi ndogo. Lakini ekutere haina kazi ya kutikisa nyumba. Kazi yake ni kutikisa hewa kidogo sana iliyofungwa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Katika chumba kidogo namna ile, kusukuma kidogo kunatosha kabisa. Lakini kuna sharti moja: chumba kifungwe.

Chukueni pompi ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, lakini acha nafasi ndogo sana. Sasa sukuma polepole: pompi inaingia bila shida, kwa sababu hewa ina wakati wa kutoka pembeni mwa kidole. Sukuma kwa nguvu na haraka: pompi inakataa, inarudisha mkono wako, kwa sababu hewa haikupata wakati wa kutoroka.

Ndivyo ilivyo ndani ya sikio. Besi inasukuma polepole. Kama kati ya kofia ya mpira na ngozi ya sikio kuna mwanya, hata mwembamba kama unywele mbili tatu, hewa inatoka taratibu na nguvu ya besi inakwisha. Sauti nyembamba zinasukuma haraka. Mwanya hauwapi nafasi ya kukimbia, na kwa hiyo zinafika zote. Matokeo yake ni nini? Nyuki ndani ya mkebe.

Basi, jibu la kichwa cha habari yetu ni hili: besi inatorokea pembeni mwa kofia.

Hiyo ndiyo sababu pia zile ekutere za plastiki ngumu zisizo na kofia zina besi kidogo. Hazifungi kitu. Na wale walioona Walkman, ile mashini ya kaseti ya Sony iliyotokea mwaka 1979, watakumbuka kwamba ekutere zake zilikuwa na musi mwepesi na zilikaa juu ya sikio, hazikuingia ndani. Zile za kuingia ndani zimetoka kwa watu waliokuwa wanashughulika na masikio. Huko Marekani, Mead Killion, mtaalamu wa vyombo vya kusaidia viziwi, alianzisha kampuni ya Etymotic Research mwaka 1983, na mwaka 1991 wakatoa ekutere yenye kofia ya mpira ya ngazi tatu. Tangu mwanzo walijua: bila kufunga, hakuna besi.

3. SIKIO LAKO LIKO NAMNA GANI?

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa karibu sentimeta 2 na nusu, na upana wa karibu milimeta 7. Lakini si bomba lililonyooka. Lina kona, kama njia ya msituni inayozunguka mti mkubwa. Tena si la mviringo kamili. Kwa wengine ni kama yai. Na jambo ambalo wengi hawalijui: sikio la kuume na la kushoto la mtu mmoja linaweza kutofautiana.

Kwa hiyo mtu asiseme: "Ndugu yangu anavaa kofia ya katikati, mimi pia nitavaa ya katikati." Sikio si kofia ya shule.

Ekutere nyingi zinauzwa pamoja na kofia za vipimo vitatu: ndogo, ya katikati na kubwa. Ya katikati ndiyo imekwisha kuvikwa. Wengi wetu tunatupa zile zingine pamoja na mfuko wake siku ile ile ya kununua. Msizitupe! Pengine besi yako iko ndani ya mfuko ule.

4. NAMNA YA KUVAA

Fuateni hatua hizi bila haraka.

Ya kwanza: angalia herufi. Ekutere ina alama mbili za Kizungu, L kwa kushoto na R kwa kuume. (Nyingine zina G na D, kwa Kifaransa.) Ukizigeuza, umbo lake halitakaa vizuri ndani ya sikio.

Ya pili: pitisha mkono mmoja nyuma ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili, ulivute polepole kwenda juu na nyuma. Kwa kufanya hivi ile kona ya tundu inanyooka. Kwa mkono mwingine ingiza ekutere huku unaizungusha kidogo, kama mtu anayefunga kizibo cha chupa. Kisha achilia sikio. Ngozi inarudi mahali pake na kukumbatia kofia.

Ya tatu: usisukume kwa nguvu. Ukisikia maumivu, simama. Kofia inapashwa kugusa ngozi pande zote bila kubana. Ikiwa inatoka yenyewe ukitafuna ao ukisema, pengine ni ndogo, ao haikuingia vya kutosha. Ikiwa inakataa kuingia, ao sikio linauma kiisha dakika kumi, ni kubwa.

Ya nne: jaribu kofia zote tatu, kila sikio kivyake. Kama sikio la kuume linataka kubwa na la kushoto linataka ya katikati, vaa hivyo hivyo. Hakuna aibu.

Ya tano: kama umbo la ekutere linaruhusu, pitisha waya juu ya sikio na kuushusha nyuma. Waya hautavuta ekutere chini kila ukigeuza kichwa, na ile kelele ya waya kugusa shati, kru-kru-kru, itapungua sana.

Ziko pia kofia za musi, laini kama godoro. Hizi unazifinya na kuzizungusha kati ya vidole mpaka ziwe nyembamba, unaziingiza mara moja, kisha unashikilia kwa kidole nusu dakika ili zivimbe na kujaza tundu. Zinafunga vizuri sana, hata kwa masikio yenye umbo gumu. Ubaya wake ni kwamba zinachafuka na kuchakaa upesi.

Neno kwa wenye ujanja: tumeona wengine wanazungushia ekutere kipande cha karatasi, ao pamba, ao mpira wa puto ili zikaze. Tunawaomba, acheni. Kitu kidogo kikibaki ndani ya sikio, hamtakitoa ninyi wenyewe; mtakwenda kumtafuta muganga wa hospitali.

5. ALAMA ZA KUJUA KWAMBA IMEFUNGA

Je, tutajuaje? Hakuna haja ya mashini. Kuna alama tatu.

Alama ya kwanza ni sauti yako mwenyewe. Vaa ekutere bila kufungua muziki, halafu uvume kwa midomo imefungwa: mmmm. Kama tundu limefunga, sauti yako itakuwa nzito ndani ya kichwa, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Kama inasikika kama siku zote, hewa ina njia ya kutoka.

Alama ya pili ni kelele za nje. Hapa kwetu hatukosi kelele za kujaribia: motere za umeme, pikipiki, makamyo ya barabara ya Kisangani, mto wetu wa Epulu pale kwenye mawe. Ukivaa vizuri, kelele hizo zinasogea mbali.

Alama ya tatu: fungua wimbo wenye besi, kwa sauti ndogo. Kwa kidole sukuma ekutere ndani kidogo sana. Kama besi inaongezeka ghafula, ujue bado haijakaa. Vaa upya ao badili kofia. Ukisukuma na sauti isibadilike, umefika.

Muchague wimbo unaofaa kwa majaribio haya. Sauti nyembamba hazikwambii kitu, kwa sababu hizo zinapita hata mahali palipovuja. Mnajua kwamba mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya Voyager kwenda mbali kuliko sayari zote, na ndani yake wakaweka sahani ya muziki iliyopakwa dhahabu. Katika sahani hiyo mna wimbo wa wasichana Wambuti wa Ituri yetu, ulionaswa na Colin Turnbull, yule aliyekaa hapa Epulu katika miaka ya 1950. Ni sauti nzuri sana za kupanda na kujibizana. Lakini kwa kupima kofia ya ekutere, wimbo wa namna hiyo hautasaidia. Chukueni wimbo wa korali wenye besi iliyo wazi, ao wimbo wa zamani wa Franco na OK Jazz ambamo gita la besi linatembea peke yake, kwa wale ambao nyumbani kwao linaruhusiwa.

6. KAMA IMEFUNGA NA BESI BADO HAIJI

Inawezekana. Angalieni mambo manne haya kabla ya kusema ekutere imekufa.

(a) Uchafu. Mwisho wa ekutere, chini ya kofia, kuna wavu mdogo sana. Nta ya sikio inauziba. Upande mmoja unaanza kusikika mdogo kuliko mwingine, na mwenyewe anafikiri sikio lake ni gonjwa. Toa kofia, uioshe kwa maji na sabuni, uikaushe kabisa. Wavu wenyewe usiuoshe kwa maji. Uugeuze uangalie chini na uupanguse polepole kwa brosi kavu ya meno, ile laini. Sindano hapana, inatoboa wavu.

(b) Fishi. Hili ni jambo la ajabu kidogo. Mara nyingine unafungua wimbo, mwimbaji hayupo na besi haipo. Unabaki unasikia mwangwi na magita ya pembeni tu, kana kwamba wanamuziki wako ndani ya pipa. Sababu yake ni kwamba fishi haikuingia mpaka mwisho, ao waya wa masi umekatika. Masikio mawili yanatumia waya mmoja wa kurudia, ndio masi. Ukikatika, kila kitu kilicho sawasawa kushoto na kuume kinafutana, na kinachobaki ni zile tofauti tu. Kwa kuwa mwimbaji na besi kwa kawaida wanawekwa katikati, ndio wanaopotea. Sukuma fishi vizuri. Ikiwa telefone ina kifuniko kinene, kitoe. Isipopona, peleka kwa fundi akate na kuunganisha upya. Ni kazi ndogo.

(c) Kugawana. Wanafunzi wawili wanakaa kwenye benchi, kila mmoja na upande wake mmoja. Ni urafiki mzuri, lakini mjue hasara yake. Sikio moja likiwa wazi, kelele za nje zinaingia na kufunika besi, na wimbo wenyewe unasikika mdogo kuliko kwa masikio mawili. Nanyi mnafanya nini? Mnapandisha sauti.

(d) Wimbo wenyewe. Nyimbo nyingi zimekopiwa kutoka telefone hadi telefone, nyingine zimenaswa kwa telefone ndani ya kanisa. Kama besi haikunaswa siku ile, hakuna kofia itakayoirudisha. Jaribu wimbo mwingine kabla ya kuhukumu.

Tena, katika telefone nyingi kuna mahali pa kuongeza besi. Tunashauri: vaa vizuri kwanza, ndipo uguse pale. Mtu anayeongeza besi wakati kofia inavuja ni kama anayejaza maji ndani ya ndoo iliyotoboka. Anachosha pompi bure, na sauti inaanza kukwaruza.

7. SABABU GANI KUPANDISHA SAUTI SI DAWA

Hapa ndipo tulitaka kufika. Kama ingekuwa habari ya utamu wa muziki tu, tusingemaliza stensili zote hizi.

Tuangalie kinachotokea. Kofia inavuja, besi imetoroka. Mtu anapandisha. Besi inaongezeka kidogo, lakini sehemu kubwa yake inaendelea kutoroka. Sauti nyembamba, ambazo hazikuwa na shida tangu mwanzo, zinapanda zote na kupiga ngoma ya sikio. Kwa hiyo anatafuta kitu kimoja na kupokea kingine: anatafuta besi, anapokea pigo.

Zaidi ya hayo, sikio la mwanadamu lenyewe halisikii besi vizuri kwa sauti ndogo. Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani, wakalitangaza mwaka 1933. Ndiyo maana wimbo unaonekana mtamu zaidi ukipandishwa. Mtego uko pale.

Ndani kabisa ya sikio, katika kile kiungo kinachofanana na konokono, mna vinywele vidogo sana, kwenye chembe za kusikia karibu 15.000 kwa kila sikio. Ndizo zinageuza mtetemo kuwa habari ya ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu inazichosha, kisha inaziua. Na chembe hizi si kama ukucha ao nywele za kichwa. Zikifa, hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, hapa Epulu ao Ulaya.

Zinazokufa mapema ni zile za sauti nyembamba, karibu na mitetemo 4.000. Mwanzoni mtu hajui. Anasikia ngoma, anasikia pikipiki, anasema: niko mzima. Lakini herufi kama s, f, t na k zinakaa katika sauti za juu. Anaanza kuzichanganya. Mwalimu anasoma dikte, yeye anaandika neno lingine. Anapata sufuri, wanasema hana akili, ao hafuati darasa. Kumbe ni sikio.

Shirika la Afya Duniani, ambalo sisi tunaliita OMS, lilieleza mwaka 2022 kwamba vijana zaidi ya miliari moja, wa miaka 12 mpaka 35, wako katika hatari ya kupoteza kusikia kwa sababu ya muziki mkubwa na kelele za starehe. Kipimo chao kiko hivi: sauti ya desibeli 80, masaa 40 kwa juma, kwa watoto, desibeli 75 kwa masaa hayo hayo. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unagawanyika kwa mbili. Kwa desibeli 90 unabaki na masaa 4 kwa juma zima. Kwa desibeli 100, dakika 20 tu, na juma lako limekwisha. Telefone nyingi zikiwekwa mpaka mwisho zinaweza kufika huko.

Hatuna chombo cha kupima desibeli mfukoni. Kwa hiyo shikeni kanuni hizi. Usipitishe sauti zaidi ya sehemu sita kati ya kumi. Pumzisha masikio kila kiisha saa moja. Kama jirani anasikia wimbo wako, sauti ni kubwa ao inavuja, na mara nyingi ni yote mawili. Na kama ukitoa ekutere masikio yanalia ngiii, ao sauti za watu zinasikika kama ziko nyuma ya ukuta, hiyo ni onyo. Usirudie.

Sasa mnaona sababu ya kusumbuka na kofia ndogo za mpira. Aliyefunga vizuri anasikia besi kwa sauti ndogo. Kelele za nje hazimshindi, kwa hiyo hana haja ya kushindana nazo. Anapata utamu zaidi na kulipa kidogo.

8. MANENO YA MWISHO: NJIA NA USAFI

Dawa hii ina hatari yake, tusiifiche. Ekutere iliyofunga vizuri inamfanya mtu kuwa kiziwi kwa muda. Hapa kwetu barabara kubwa inapita katikati ya kijiji. Makamyo na pikipiki haviulizi nani anasikiliza nini. Ukitembea barabarani, ekutere zikae mfukoni, zote mbili. Vile vile ukiingia msituni kutafuta kuni. Msitu unasemeka kwa masikio kabla ya kuonekana kwa macho.

Juu ya usafi: usiazime ekutere bila kusafisha kofia, na usitumie kabisa ya mtu ambaye sikio lake linatoa usaha. Wewe mwenyewe, kama sikio linauma ao linatoa maji, acha ekutere mpaka muganga akuone. Tena, acheni kuchokoa masikio kwa kijiti cha kiberiti, kifuniko cha biki ao unyoya wa kuku. Nta inatoka yenyewe polepole. Ukichokoa unaisukuma ndani zaidi, mbele ya ngoma, na pengine unatoboa ngoma yenyewe.

Leo jioni, kabla ya kumwambia mwenzako ekutere yake ni ya bure, umwombe avume mmmm. Kama sauti yake haikuwa nzito, mtafutieni ule mfuko wa kofia alioutupa chini ya kitanda. Na ninyi wa sauti ya besi katika korali, fanyeni hivyo kabla ya mazoezi ya Jumamosi, ili tuache kuwasikia mkiimba tenor.